Mtalii Habaki

Mvua ya Julai ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na katikati ya mji wa Eldoret kila mtu alitaka sweta. Wanawake walisukumana kwenye vibanda vya mitumba wakigombania kofia za sufu na makoti ya watoto, huku matope yakiwarukia miguuni. Ndani ya fujo hiyo, mwanamume mrefu mwenye mvi, koti lake jeusi likiwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, alisimama mbele ya meza ya Waiyego akauliza kama kuna mashati mepesi ya mikono mifupi.

Waiyego alimtazama juu mpaka chini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mnene wa kupendeza, kilemba cha manjano kichwani, leso kiunoni juu ya suruali ya jeans, na mdomo uliojulikana soko zima.

"Mikono mifupi? Na hii baridi? Mzee, uko sawa kweli?"

"Niko sawa, Mama. Naenda mahali kuna jua."

"Lodwar?"

"Mbali kuliko Lodwar. Thailand."

"Ati wapi?" Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Basi ngoja nikutolee mashati za watalii. Hii ya maua. Ukivaa hii, hata polisi wa huko watakupigia saluti."

Mzee huyo aliitwa Mungai. Alikuwa amestaafu ualimu wa jiografia huko Kesses, mke wake alikuwa amefariki zamani, na sasa aliishi peke yake mtaa wa Pioneer, nyuma ya duka la dada yake Kabura. Binti yake wa pekee, Ciru, alikuwa akifundisha Kiingereza Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Aliolewa huko, akapata mtoto wa kike, kisha mumewe akahamia mji mwingine na mwanamke mwingine. Ciru alikuwa ameanza kuugua. "Tumbo tu, Baba," alisema kwenye simu, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na Mungai akaamua kwenda.

Siku hiyo alinunua mashati matatu. Wiki iliyofuata akarudi akanunua moja. Wiki nyingine akarudi tena.

"Mwalimu," Waiyego akamwambia, mikono kiunoni, "huko Thailand hakuna maduka?"

"Yako."

"Basi hizi zote unabeba za nini?"

Mungai alijikuna kidevu. "Sijapata sababu nyingine ya kuja hapa."

Waiyego alilikunja shati lile mara mbili, akasahau kumtajia bei.

Tangu hapo Mungai hakuhitaji sababu. Alikuja saa za chakula na chupa ya chai, wakanywa wameketi juu ya marobota ya nguo. Jumapili alimchukua nyumbani kwake mtaa wa Langas baada ya kanisa, wakatembea polepole mpaka mjini, yeye akimwonyesha mawe na mawingu na kumweleza yalikotoka, Waiyego akipiga miayo kwa makusudi ili amwone akikasirika. Lakini kuna jambo moja ambalo Waiyego hakumwambia. Mungai alipomuuliza kama aliwahi kuolewa, alijibu, "Hiyo iliisha," akabadilisha mazungumzo.

Viza ya utalii ilipotoka, walikuwa wamefika mahali ambapo kuagana kunauma. Uwanja wa ndege Waiyego alivaa rinda lake la kijani la harusi za watu.

"Miezi miwili tu, mpenzi," Mungai alisema. "Mtalii habaki."

"Nenda umwone mtoto wako. Mimi siendi popote. Mitumba ndiyo inakuja kutoka ng'ambo, mimi niko tu hapa."

Mungai alimkuta Ciru hospitalini. Halikuwa tumbo tu. Ilikuwa saratani, na madaktari walikuwa wameshaacha kuzungumza habari za kupona. Binti yake alikuwa ameuficha kwa sababu hakutaka baba yake auze shamba.

Kila mchana Eldoret, jioni kule, simu ya Waiyego ililia kibandani. Alimwacha jirani na wateja, akaenda kuinama nyuma ya marobota.

"Amekula leo?"

"Kidogo. Uji."

"Na wewe?"

"Mimi nimekula."

"Mwalimu, usinidanganye. Nasikia kwa sauti."

Ciru alifariki kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Kumrudisha nyumbani kulishindikana. Walimchoma kwa desturi ya nchi ile, na Mungai, aliyekuwa amezika wazazi, mke na ndugu kwenye udongo aliouchimba kwa mikono yake, alisimama mbele ya moshi asijue atupe nini. Waiyego alikuwa kwenye simu wakati huo. Hakusema pole. Alianza wimbo wa maziko wa kanisani kwao, sauti yake nzito ikikatika kwa mtandao mbaya, na Mungai akashikilia simu sikioni mpaka moshi ukaisha.

"Nitakuja na mtoto," alimwambia wiki hiyo. "Nyokabi ana miaka mitano. Ana jina la mke wangu. Utamkubali?"

"Unaniuliza swali gani hilo? Mlete. Nishamwekea sweta tatu na buti nyekundu."

Lakini baba wa mtoto alikataa. Alifika siku moja na wakili, akaongea kwa upole, na upole wake haukusogea hata kidogo. Mtoto ni wake kisheria. Yeye ana familia mpya na hawezi kukaa naye. Babu akitaka kumlea, amlee, ila ndani ya nchi. Akiondoka, mtoto atapelekwa kijijini kwa nyanya yake mzaa baba, bibi ambaye Nyokabi hakuwahi kumwona.

Mungai alikwenda ofisi ya uhamiaji. Walimweleza kwamba mtalii hakai, lakini mgeni aliyepita miaka hamsini na mwenye penshoni anaweza kuomba viza ya wastaafu, ambayo huongezwa kila mwaka. Alimpigia dada yake amtumie karatasi za penshoni. Kwa Waiyego hakusema kitu. Kila mchana alijiambia atamwambia kesho, na kila kesho Waiyego alianza na habari za chumba anachokipaka rangi kwa ajili ya mtoto.

Kabura ndiye aliyempasulia Waiyego habari hiyo, bila ubaya wowote. Alisimama kibandani akichagua soksi.

"Wifi, natoka kutuma makaratasi za kaka yangu. Sasa hiyo viza ya wastaafu ikitoka atakuwa ametulia."

"Viza ya nini?"

"Ya wastaafu. Ile ya kukaa huko kabisa." Kabura akaona uso wa mwenzake. "Si alikwambia?"

Simu ilipolia mchana huo, Waiyego hakujificha. Aliongea hapo hapo mbele ya wateja.

"Mwalimu, unarudi lini?"

"Kwanza, wewe umekula?"

"Nimekuuliza, unarudi lini na mtoto?"

"Waiyego wangu, hebu nikueleze..."

"Nimepaka ukuta rangi! Nimepaka ukuta, wewe unatafuta viza ya kukaa! Mbona hukuniambia? Mlikuwa mnangoja nisome kwa gazeti?"

"Niliogopa."

"Hata yule mwingine aliogopa." Akakata. Kisha akamblock, akageukia mteja akamuuzia koti kwa bei ya hasara kwa sababu machozi hayakumruhusu kubishana.

Mungai hakuelewa "yule mwingine" ni nani, na hakuwa na nafasi ya kuuliza. Uhamiaji walirudisha maombi yake. Karatasi zilitakiwa zithibitishwe na ubalozi, na siku zake za utalii zilikuwa zimekwisha kabla uthibitisho haujapatikana. Aliambiwa atoke, akazithibitishe karatasi nyumbani, kisha arudi aombe upya. Nyokabi aliachwa kwa mwalimu aliyefanya kazi na Ciru. Baba wa mtoto alitoa muda mpaka shule zifunguliwe, asiongeze.

Alirudi Eldoret akiwa amekonda, shati la maua limemning'inia kama la mtu mwingine, jua lote alilofuata likiwa limemwachia weusi tu chini ya macho. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka sokoni, begi begani.

Waiyego alikuwa akifungua robota. Alimwona, akaendelea kukata kamba.

"Tumefunga," alisema.

"Ni saa nne asubuhi."

"Kwako tumefunga."

Mungai aliketi chini, kwenye matope, mbele ya watu. Hapo ndipo Waiyego aliposhtuka, maana mwalimu huyo hakuwahi kuketi mahali bila kupanguza kwanza.

"Inuka. Mwalimu, inuka, watu wanaona."

"Wacha waone. Hawatanipa mtoto, Waiyego. Nikikaa huku, wanampeleka kwa watu hamjui hata mmoja wao. Amempoteza mama. Ananiita Guka, babu yake. Analala ameshika kidole changu. Ningekwambia nini kwa simu? Kwamba nimekuchagua wewe, au nimemchagua yeye?"

Waiyego aliweka kisu chini. Alimshika mkono, akamwinua, akampanguza matope ya suruali kwa leso yake kama mtoto, na wote wawili wakalia bila kutoa sauti, wateja wakijifanya wanaangalia makoti.

Walikwenda kwenye hoteli ndogo iliyo jirani, wakaagiza chai, hawakuinywa.

"Nimeuliza," Mungai alisema. Macho yake yalikuwa na uhai kidogo. "Mke wa mstaafu anaruhusiwa kuja naye. Wanataka cheti cha ndoa peke yake. Twende kwa msajili, Waiyego. Sina pete, sina hata meno yote. Lakini nioe. Namaanisha, nikuoe. Twende tumlee Nyokabi pamoja."

Mwanamke mwingine angeruka kwa furaha. Waiyego alifunika uso kwa mikono.

"Hunitaki?"

"Nakutaka mpaka naumwa." Akashusha mikono. "Mwalimu, mimi nina mume."

Kisha akamweleza yote. Wanjohi alimwoa kwa msajili wakiwa vijana. Akaenda Doha kuendesha malori, akaahidi kurudi baada ya mwaka mmoja. Alipiga simu, akapunguza, akaacha. Watu walimwonyesha Waiyego picha zake kwenye Facebook, amenenepa, mkono begani mwa mwanamke mwingine. Hakuwahi kwenda kortini kwa sababu hakuona haja. Nani angemtaka tena? Cheti kile kilikuwa bado hai.

"Ungeniambia," Mungai alisema kwa sauti ndogo.

"Niliogopa," Waiyego akajibu, na neno hilo likawakaa wote wawili.

Walimtafuta wakili. Wakili, kijana aliyeitwa Ooko, alisikiliza akaacha kuandika. Talaka ilihitaji kesi. Kesi ilihitaji Wanjohi afikishiwe habari huko aliko. Mambo yakienda vizuri, mwaka. Yasipoenda vizuri, hakutaka kusema. Shule ya Nyokabi ilikuwa inafunguliwa mwezi uliofuata.

"Njoo basi hata kwa viza ya utalii," Mungai alimsihi wakitoka.

"Nije kwa mwanamume wangu kama mtalii? Nimlaze huyo mtoto, nimchane nywele, azoee harufu yangu, halafu siku zikiisha nimwache? Amezika mama mmoja, Mwalimu. Mimi sitakuwa wa pili."

Ubalozi ulipothibitisha karatasi zake, Mungai alipata viza nyingine ya utalii ya kurudi kule.

Safari hii uwanja wa ndege Waiyego alikuja na nguo za kazi. Mungai alifungua kinywa, yeye akamwekea kidole midomoni.

"Usiniahidi kitu. Yule aliahidi. Wewe nenda tu."

Akaenda. Kwenye mlango aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu hivi kwamba mlinzi alimgusa bega.

Miezi ikapita. Siku ya kesi ya talaka aliyokuwa amefungua, Waiyego aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha korti na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Ooko akatoka, faili kwapani, akainama. Hakimu alikuwa amehamishwa. Hati za Doha hazikuwa zimejibiwa. Kesi imesongezwa, tarehe watapewa.

Simu ikalia kabla wakili hajamaliza kuondoka.

"Waiyego! Imetoka! Wamenipigia muhuri, mwaka mzima. Mimi si mtalii tena!" Nyuma yake mtoto alikuwa akiimba kitu kwa lugha ambayo Waiyego hakuielewa.

Alifumba macho. Siku zote alikuwa ameomba hiyo viza itoke, kwa ajili ya mtoto, na hakuwahi kuomba kitu kwa shingo upande namna ile.

"Hongera, Mwalimu," alisema. "Hongera sana."

"Na huko kortini?"

Angeweza kumdanganya. Jambo hilo lilipita kichwani mwake likiwa rahisi kabisa.

"Wamesongeza. Hakimu amehamishwa. Hawajui ni lini."

Wimbo wa mtoto ukaendelea peke yake.

"Nitangoja," Mungai alisema mwishowe.

"Usingoje. Una miaka sitini na mbili, una presha, una mtoto wa kulea. Tafuta mtu wa kukupikia uji."

"Waiyego."

"Nimekwambia usiahidi."

"Basi siahidi. Lakini usikate simu. Tafadhali. Usiongee kama hutaki, ila usikate."

Hakukata. Aliegemea ukuta wa korti, simu sikioni, akisikiliza pumzi za mwanamume aliye upande mwingine wa dunia, naye akisikiliza zake. Karani akatoka akaita majina ya kesi nyingine, watu wakainuka wakaingia, benchi likabaki na yeye peke yake. Na bando lilipoisha, simu ikakatika yenyewe, naye hakujua ni bando la nani.