Hodi ya Tatu

Kirejeshi kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, nacho kilibandikwa nyuma ya sikio. Kilisoma mawimbi ya ubongo, na mara mtu alipoanza kuelea kimawazo katikati ya kikao cha mtandaoni, kilimfinya. Hakikuumiza. Kilifinya kama mama anayemnyamazisha mtoto msibani. Wafanyakazi wa jiji la Tanga walikipa jina la Shangazi.

Aliyekibuni ni Tunu Shemdoe, mhandisi wa kampuni ya Tulizo. Alikuwa amechunguza kwa nini watu huzubaa vikaoni, na alichokipata hakikuwa siri kubwa. Uso ulio kwenye skrini haumtazami yeyote. Sauti huchelewa kidogo, na ubongo huchoka kuisubiri. Zaidi ya yote, mtu anayejua kwamba hataulizwa kitu hujiruhusu kuondoka huku mwili wake umekaa. Zamani, watu walipokutana chumba kimoja, kikohozi cha jirani kilitosha kukurudisha. Shangazi alichukua nafasi ya kikohozi hicho, na kampuni ikanenepa.

Kisha kikaja kikao cha mapato. Wafanyakazi wote wa Tulizo walihudhuria, kila mmoja nyumbani kwake, na wateja wakubwa walialikwa kutazama chati ya umakini ikipanda. Ikaporomoka. Watu wote walizubaa kwa pamoja, Shangazi akawarudisha; wakazubaa tena, akawarudisha; na mara ya tatu vivyo hivyo. Mkurugenzi, Bwana Mbelwa, aliaibika mbele ya wageni wake. Alimwagiza Tunu atafute chanzo.

Tunu alianza kwa kushuku umeme. Akamshuku Mkurugenzi mwenyewe, maana alikuwa anasoma takwimu, na wenzake waliiunga mkono dhana hiyo kwa furaha. Mwishowe aliifuta sauti ya Mkurugenzi kwenye kumbukumbu ya kikao, akasikiliza kilichobaki. Chini kabisa, kwa mbali, mwanamke alisema, "Hodi." Kimya. "Hodi hapa." Kimya tena. Ya tatu ilikuwa ya chini zaidi.

Basi ndiyo hiyo. Kila mfanyakazi alidhani anabishiwa yeye. Mtu aliyelelewa kuitikia karibu hawezi kuisikia hodi akatulia; roho yake hutangulia mlangoni. Shangazi aliona roho zinatoka, akazifinya zikarudi. Hakuna aliyeitikia, na mgeni akipiga hodi tatu bila jibu huondoka. Hayo ni maadili, na mashine zote za jiji zilikuwa hazijayabadilisha.

Sauti ile ilitoka nyumbani kwa Kibwana, mhasibu, aliyekuwa amesahau kuzima maikrofoni yake. Tunu alimpigia simu, wakasalimiana, kisha akamuuliza.

"Nilidhani inatoka kwenye kikao, dada," alisema Kibwana. "Kila nikitaka kugeuka, Shangazi ananifinya. Nikajiambia si kwangu."

"Alikuwa nani?"

"Bi Mwantumu, jirani yangu. Mumewe alianguka bafuni, akaja kutafuta mtu wa kumsaidia kumwinua. Mlango wenyewe nilikuwa nimeurudishia tu. Lakini angeingiaje hajakaribishwa?"

Tunu akauliza hali ya mgonjwa.

"Bwana Hatibu tumemzika jana," alisema Kibwana.

Mkurugenzi alipopewa habari hizo aliinamisha kichwa, akamwombea marehemu. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake. Baada ya hapo akasema kwamba Shangazi yuko karibu sana na sikio, basi aongezewe uwezo wa kuizima hodi kabla haijasikika. Wasioisikia hawatahangaika. Tunu aulete mtambo huo kwenye kikao kijacho, awaombe radhi wateja kwa hitilafu, na mkataba utasainiwa palepale. Akikataa, atafute kazi kwingine.

Tunu aliitikia vizuri, akaenda kufanya kinyume chake. Alimfundisha Shangazi kuitambua hodi, na akiisikia awaachie watu wote kwa mpigo mmoja.

Siku ya kikao, Mkurugenzi alikuwa ameshafika kwenye faida ya mwaka pale mtu fulani, kwenye nyumba fulani, alipobishiwa hodi. Skrini nzima ikabaki viti. Wateja nao waliondoka, maana nao walivaa kirejeshi. Mkurugenzi akahutubia mito na makoti. Wakaanza kurejea mmoja mmoja. Mama mmoja wa upande wa wateja alirudi anacheka, akieleza kwamba ni jirani alikuja kurudisha sufuria, na wengine hawakumkuta mtu lakini hawakuonekana kujuta.

Mkurugenzi aliwasubiri watulie. "Mhandisi Tunu anawaomba radhi kwa usumbufu," alisema. "Karibu, mwanangu. Sema."

Tunu aliwasha maikrofoni. Aliwasimulia habari za Bi Mwantumu na mlango uliorudishiwa, akalitaja jina la Bwana Hatibu, akasema kwamba kifinyo kilichomzuia Kibwana kugeuka alikiunda yeye kwa mikono yake. Alisema pia kwamba kirejeshi cha kuziba hodi hakitatoka mikononi mwake.

"Mwanangu," Mkurugenzi alisema polepole, "nimesema uombe radhi."

"Nimekusikia, Mkurugenzi," alisema Tunu. "Kwa Bi Mwantumu nilishakwenda nikapiga magoti. Kwa kikao hiki siombi."