Mmea Uliopewa Jina Lake

Mmea uliokaushwa mwaka mzima hauchipui. Mtafiti alilijua hilo vizuri, lakini asubuhi ile alipofungua kabati la mimea mikavu, mmoja uliobandikwa kwenye karatasi nene ulikuwa umetoa jani bichi, na chumba kizima kilinuka udongo uliotoka kunyeshewa.

Alijua ni upi. Kitabu kikubwa cha mimea cha mjomba wake, profesa aliyemlea na kumsomesha, kilikuwa kimetoka wiki hiyo, na ndani yake mmea huo mpya, ambao ua lake hakuna aliyewahi kuliona, ulikuwa umepewa jina la mtafiti. Katika kazi yao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Alilia mbele za watu bila haya, maana mjomba yule alikuwa bahili wa sifa, hata asante aliitoa kwa kujikamua.

Jani la pili likaja, na la tatu. Mmea ulipozidi kukolea kijani, yeye alizidi kukauka: akinywa maji kiu haikatiki, ngozi ya mikono inachanika, na mchana kweupe, mlango ukiwa wazi na wenzake wakitaniana nje, alisikia kurasa zikifunuliwa ndani ya kabati lililofungwa, moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka zikanyamaza, kisha sauti ya kike ikamwita jina lake kamili, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Mama, kuna mtu humo," alinong'ona kwenye simu.

Mama yake akaja na mganga, mtu mfupi mwenye mafua. Mganga akapiga chafya, akanusa, akasema, "Si mtu." Mjomba naye alifika, ila hakuvuka kizingiti.

"Umefuata nini kwa binti wa watu?" mganga aliuliza.

"Sikumfuata." Sauti ilitoka kinywani mwa mtafiti mwenyewe. "Nimepewa. Aliyekata mti wangu nilimkaba koo, akaomba nimwachie, ataniandikia jina la mtu mwingine. Ameandika."

Mama akageuka polepole. "Kaka, anasema nini huyu?"

"Nina watoto, dada," mjomba alisema, akitazama viatu vyake. "Ningefanyaje?"

Mtafiti akarudiwa na sauti yake. "Na mimi nilikuwa nani, mjomba? Si uliniita mwanao?" Hilo lilimuuma kuliko kiu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mganga alinong'ona. "Haya bwana, lifute hilo jina, naye atamwacha."

"Halifutiki. Jina la mmea likishachapishwa, ndilo hilo. Hata mimi siwezi kulibadilisha."

Mjomba alikuwa akisema kweli. Mtafiti aliijua sheria hiyo, na aliyemfundisha ni yeye.

Mtafiti akaanguka, mama akamdaka na kumlaza chini. Ndani ya kabati, kitu kikapasuka taratibu: ua, jeupe, bichi, la kwanza kuonwa na macho ya watu.

Mjomba akavuka kizingiti. Akampita mpwa wake pale sakafuni, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaliinamia ua.