Viatu Vilivyopinduliwa

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Upepo ulikuwa umetulia tangu alfajiri, na mlima mzima umelala kimya chini ya theluji mpya. Kipimajoto nje ya kibanda cha wapanda mlima kilisoma nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

Maiti ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Mwanamume wa makamo, mhandisi kutoka mjini, amelala kifudifudi na nguo za ndani tu, mgumu kama gogo. Koti, sweta na suruali vilikuwa vimetawanyika huku na huku. Viatu vilikuwa pembeni.

Inspekta aliteremka kutoka helikopta ya uokoaji pamoja na daktari wa polisi na makonstebo wawili. Alimwombea marehemu kimoyomoyo, kama alivyozoea, kisha akawatazama watu wawili waliolala kibandani naye: mwongozaji wake, na Bibi mtunza kibanda. Mwongozaji alikuwa mkwe wa Bibi, na Bibi hakuwa na mwingine duniani. Kama hii haikuwa ajali, mmoja wao angeshuka mlima huu na pingu.

"Baridi ilimpanda kichwani," mwongozaji alisema. "Alitoka kujisaidia, akapotea. Mtu akianza kuganda huhisi joto, afande. Hujivua nguo mwenyewe. Muulize daktari."

"Ni kweli," daktari alisema. "Lakini tazama hapa."

Aliinua mkono wa marehemu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, na chini ya kucha mlikuwa na vibanzi vya mbao.

"Mtu aliyepotea hakwarui mlango," Inspekta alisema. "Nani alishusha komeo?"

"Komeo ni kazi yangu," Bibi alijibu.

"Hukusikia akigonga?"

"Nilisikia."

"Mbona hukufungua?"

Bibi aliinamisha kichwa, akajivutia shuka mabegani.

Inspekta alichuchumaa penye viatu. Vilikuwa vimepinduliwa, soli juu, kila kimoja na glavu yake ndani. Kamba zilikuwa zimelegezwa hadi tundu la mwisho.

"Mgeni wako alikuwa mzoefu wa mlima?"

"Huyo?" Mwongozaji alikaribia kucheka. "Aliujua mlima kama kuku anavyojua kuogelea. Juzi aliacha viatu wazi hapo nje, vikajaa theluji. Mama akamkaushia jikoni."

"Na ninyi huviachaje?"

"Soli juu, glavu ndani. Mtoto wa huku hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali."

Akavitazama vile viatu. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa.

"Vidole vilivyoganda havifungui kamba," Inspekta alisema polepole. "Kuna aliyemvua, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Watu wa mlimani hapa ni wawili." Akamgeukia konstebo. "Mfunge Bibi pingu."

"Huyu mzee, afande?"

"Komeo ni kazi yake. Amesema mwenyewe."

Bibi alinyoosha mikono. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi. Visingeweza kufungua hata kifungo cha shati. Inspekta aliliona hilo tangu alipofika. Alimtazama mkwe, si mama, pingu zilipolia.

"Mwache," mwongozaji alisema. "Ni mimi."

"Sababu?"

"Mke wangu alikuwa mpagazi. Miaka miwili iliyopita alibeba mizigo ya wanaume watatu kuja hapa. Mama alikuwa hospitali, mimi upande wa pili wa mlima. Akakutwa nje, ameganda. Wale watatu wakasema alipotelea kwenye dhoruba." Aliuonyesha mlango kwa kidole. "Jana mgeni wangu alikuwa anakunywa chai mle kibandani. Akanisimulia kichekesho. Hakujua mimi ni nani. Eti mpagazi wao aliachwa nyuma, baadaye akaja kugonga. Wakabishana nani atoke kwenye mfuko wa kulalia, maana ndani mna joto. Wakapiga kura kwa njiti za kiberiti. Ikamwangukia yeye. Akawaambia, 'Ngoja kidogo, labda atachoka.' Akacheka, Inspekta. Kisha akaniomba sukari."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpa. Alipotoka kujisaidia, nikashusha komeo, nikakaa sakafuni nimeegemea mlango. Aligonga kama nusu saa. Kwanza alinitukana. Halafu akaniita kaka. Mwishoni alimwita mama yake. Nikamwambia kupitia mbao, 'Ngoja kidogo, labda utachoka.' Alipochoka, nikatoka nikamvua nguo, ili mseme ni baridi."

Bibi aliugusa mlango kwa kiganja. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jiko.

"Tangu mwanangu afe, nasikia mlango ukigongwa kila usiku. Mara ngapi nimeamka, nikafungua, nikakuta theluji tu. Jana nikajifunika kichwa. Nikamwambia, mwanangu, leo mama amechoka."

Konstebo alimfungua Bibi pingu bila kuagizwa, akazihamishia kwenye mikono ya mkwe.

"Wale wengine wawili wako wapi?" daktari aliuliza.

"Mjini," mwongozaji alisema. "Wanakula, wanalala."

"Faili la mwanangu nani alilifunga?" Bibi aliuliza.

Inspekta angeweza kusema ni ofisi.

"Mimi. Nilichukua maelezo yao kule bondeni, nikaandika ajali. Sikupanda. Kulikuwa na baridi."

Bibi alimsogelea.

"Mkwe wangu unamchukua, siwezi kukuzuia. Nabaki na kuta. Basi sema mbele ya hawa, wewe utafanya nini."

Inspekta alivua kofia.

"Nitalifungua faili lile leo. Wale wawili nitawakamata mwenyewe. Na siku ya kesi ya mkwe wako nitapanda kizimbani, niseme niliandika ajali bila kuufikia mlango huu. Wakinivua cheo, wanivue. Mungu ananisikia."

"Mungu alisikia na siku ile," Bibi alisema. "Sema tena, na hawa wasikie."

Akasema tena, neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya daktari, makonstebo wawili na mtu aliyefungwa pingu.