Namba Tasa ya Mhadhiri

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, binti alimkuta baba yake, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu aliyestaafu, amelala sakafuni katika chumba cha vitabu. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye pembe ya kabati la chuma. Mwili umeshapoa. Ubao ulikuwa umefutwa kwa kitambaa cha maji. Ilisazwa namba moja tu, kana kwamba mfutaji aliihurumia: 1,000,036,000,099.

Inspekta, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliinakili.

"Namba gani hii?"

"Ya mwanafunzi wake wa zamani, mhadhiri wa chuo," binti alisema, macho yamevimba. "Alipewa udaktari kwa kuthibitisha kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jana saa kumi baba alinipigia simu, akasema ameipasua. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka zangu."

Daktari alisema kifo kilitokea jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Shaka ilimwangukia kwanza mume wa binti, aliyegombana na mkwewe juzi kuhusu nyumba. Lakini tangu saa tisa alikuwa zamu kiwandani, na wenzake sita walimshuhudia.

Saa tano inspekta aliketi ofisini kwa mhadhiri.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Yapata miezi miwili. Maskini mwalimu wangu."

"Nasikia aligundua namba yako inagawanyika."

Mhadhiri alicheka kidogo. "Uzee huo, mama. Milioni moja na tatu haiingii mle hata kwa shoka."

"Mimi sijakutajia ya kugawanyia. Na ubao umefutwa."

Inspekta alivuta karatasi, akagawanya polepole kama mtoto wa shule, tarakimu moja moja. Jibu lilikuwa 1,000,033. Hakuna baki. Akamsogezea.

Mhadhiri aliitazama karatasi mpaka mabega yakamshuka.

"Miaka ishirini naitwa Daktari kwa namba hiyo. Jana aliniita, akaivunja kwa mistari mitatu. Mitatu, mama! Nikamsihi afute, asimwambie mtu. Akakataa. Nikamsukuma."

"Ulipoanza kufuta ubao, alikuwa bado anapumua?"

Mhadhiri aliigeuza karatasi, maandishi yakatazama chini.

Alasiri binti alileta barua aliyoikuta mezani kwa baba yake, haijatumwa, imeelekezwa kwa jarida la chuo. Inspekta alikwenda nayo mahabusu, akaisoma kwa sauti: "Kosa ni langu pia, maana uthibitisho ule niliupitia mimi, nikaupitisha. Naomba masahihisho yachapwe kwa majina yetu sisi wawili, la mwanafunzi wangu litangulie."

Mhadhiri alishika nondo za mlango.

"Alianza kusema, 'Mwanangu, ngoja nikueleze,'" alisema. "Nilimkatiza."