Alama za Msumari

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake na kuteka maji, Boke alifungua boneti ya gari la kijiji. Lilikuwa pikapu la buluu, nalo lililala nyumbani kwao Nyambureti kwa sababu baba yake, mzee Nyamhanga, ndiye aliyekuwa dereva. Boke alilegeza vibanio vya kopo kubwa la bati lililo juu ya injini, akatoa chujio la hewa, akaligongagonga polepole kwenye gogo mpaka vumbi likaacha kumwagika. Kisha alifuta kopo kwa kitambaa, akalirudisha chujio mahali pake. Darasa zima la sita, wavulana wakiwemo, hakuna aliyekabidhiwa kazi kama hiyo, na Boke hakuchoka kuwakumbusha.

Aliyemfundisha ni Mogesi, baba yake mdogo, kijana mcheshi aliyekuwa bado hajaoa. "Injini inapumua kama wewe," Mogesi alimwambia. "Ukiiziba pua, inakufa." Boke alimpenda mno na kumwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mwaka huo wa 1977 vipuri vilikuwa adimu. Kijiji kilisubiri chujio jipya kwa miezi mitano, na lilipofika kutoka Musoma ndani ya boksi lake, watu walikuja kulitazama. Baba alimwahidi Boke kwamba yeye ndiye atakayelifunga. Lakini Jumamosi yenyewe baba aliitwa msibani Genkuru, akawaachia kazi Boke na Mogesi.

"Nenda kwanza ukatuletee maji ya kunawa," Mogesi alisema.

Boke aliporudi na ndoo kichwani, boneti ilikuwa imeshafungwa. "Nimemaliza," Mogesi alimwambia. "Lile la zamani nimelitupa chooni." Boke aliumia sana, akaitua ndoo chini.

Jumatatu gari lilipakia pamba ya kijiji. Halikufika mbali. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika katikati ya mlima, na wanakijiji wakabeba magunia mabegani juani, kisha wakalirudisha gari Nyambureti kwa kulisukuma. Kesho yake mwenyekiti wa kijiji, mzee Kisyeri, alifika na wajumbe wake nyumbani kwa kina Boke.

"Nyamhanga, gari lenye chujio jipya halikohoi hivi. Tulilokupa umelipeleka wapi?" aliuliza. "Kama umeliuza, funguo utatuachia leo, na polisi watakuja."

Baba alimgeukia mdogo wake. Mogesi aliinamisha kichwa.

"Nilitaka kumsitiri mtoto," alisema. "Boke aliliosha lile jipya kwa maji na sabuni, kama sufuria. Karatasi yake ikaharibika. Nikalifunga hivyo hivyo."

Boke alimkazia macho, akingoja acheke, aseme ni utani. Mogesi hakumtazama. Hapo Boke alielewa kwa nini alitumwa maji, na moyo wake ulijaa uchungu ambao hakuwahi kuujua.

"Boke, ni kweli?" baba aliuliza. Swali hilo nalo lilimchoma.

"Si kweli, baba." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Shikamoo, mzee. Naomba mlitoe hilo chujio. Kila Jumamosi nikishalisafisha lile la zamani nilikuwa nachora alama moja kwa msumari, chini ya ukingo wake wa bati. Sikumwambia mtu. Zitakuwa kumi na tisa. Jipya sijawahi hata kulishika."

Mzee Kisyeri alilitoa mwenyewe, akaligeuza, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kumi na tisa," alisema, akamgeukia Mogesi. "Mura, kijana, lile jipya liko wapi?"

Mogesi alikiri. "Lipo Nyamongo, kwa mwenye duka mmoja mwenye gari kama hili. Alinipa mtamba. Mahari yangu ilipungukiwa ng'ombe mmoja tu."

"Kwa mtamba mmoja umemuuza kaka yako, na mtoto ukamtoa nyongeza," mzee Kisyeri alisema.

Mogesi alimswaga yule mtamba kwa miguu mpaka Nyamongo, akarudi siku ya tatu na chujio. Kamati ilimpa adhabu ya kulima shamba la kijiji msimu mzima.

Jumamosi baba alimkabidhi Boke boksi. Mogesi alisogea taratibu. "Nikushikie kopo?"

"Shikamoo, baba mdogo," Boke alijibu, maana heshima ilikuwa palepale. Kopo akampa baba amshikie. Mogesi alichukua jembe, akaenda zake.

"Mwanangu, nisamehe," baba alisema. "Nilikuuliza kama ni kweli, na mimi ndiye ninayekujua. Lakini kumbuka hili. Ulifanya kazi yako vizuri hata pale ambapo hakuna aliyekuona, na kazi hiyo ndiyo iliyokutetea siku uliposingiziwa. Endelea hivyo hivyo."

"Na baba mdogo?"

"Ng'ombe amemrudisha kwa siku tatu. Kuaminiwa tena kutamchukua Jumamosi nyingi sana."

Boke alifunga kibanio cha mwisho, akatafuta msumari wake.