Kilomita Thelathini na Saba

Alunguli yote, mtaa huu wa kando ya mto, wanamjua Soudi fundi. Mletee pikipiki yoyote, iwe ile ndogo ya wachuuzi au yale madude makubwa yanayonguruma utadhani yamekasirika, atalitikisa tangi mara mbili, ategeshe sikio, halafu akuambie: humu mna lita nne, ukienda na akili utafika, ukijifanya dume kwenye mchanga utasukuma. Hakosei. Watu humtania kwamba angeweza kupima hata supu ndani ya sufuria iliyofunikwa. Naye hucheka. Ni mtu wa kucheka ovyo, hata msibani inabidi akonyezwe.

Jumanne ile ilianza vizuri. Soudi alikuwa amekunywa chai na mikate, amepiga soga na Zawadi, mjane wa kaka yake, anayekaa naye parseli moja, kiwanja kile kile chenye gereji, na saa saba mchana alikuwa anabandua tairi la mteja aliposikia binti yake Ramla anapanda kutoka kivukoni. Pikipiki ya Ramla huisikia kabla hujaiona. Silinda mbili, injini ya mia nane, nguvu tupu. Shirika moja la afya lilimpa kwa sababu kazi yake ni kupeleka damu hospitali za huko ndani, na mgonjwa anayevuja damu hawezi kungoja. Uzuri wake ni mbio. Ubaya wake ni tumbo: ukiinyonga kwenye matope inakunywa bila aibu.

"Papa, angalia hii kitu," Ramla alisema, hata kaske hajavua kichwani. "Nimejaza tangi mpaka mudomo, lita makumi mbili. Yenyewe inasema nitafika kilomita makumi tatu na saba."

Pikipiki za siku hizi zina kioo mbele, kinahesabu mafuta yaliyobaki na kukuandikia utafika wapi. Kwa tangi lililojaa kilipaswa kuandika mia tatu na kitu. Kiliandika 37.

Soudi akacheka. Akaingiza mpira, akanyonya mafuta yote, akayapima kwa bidoni, dumu lake lenye alama za lita. Lita ishirini, hakuna tone lililokosekana. Akayarudisha. Akawasha. 37. Akachomoa betri, akahesabu mpaka mia, akaichomeka. 37.

Hapo hakucheka tena.

"Njo nini, papa?"

"Waya tu," alisema. Lakini alisema bila kumtazama, na Ramla, ambaye hakuzaliwa jana, aliliona hilo.

Namba ile Soudi aliijua. Mwaka 2002, mji ulipokuwa umezingirwa na mafuta yanauzwa kwa chupa, kaka yake Hamidou alikuwa na pikipiki ya mia sita, ya pekee upande huu wa mto. Alipeleka dawa kwenye zahanati iliyoko karibu na kilomita arobaini, njia ya Kalima, akirudi siku hiyo hiyo. Pikipiki za wakati ule hazikuwa na kioo cha kuhesabu. Zilikuwa na robine, kifungulio kidogo chini ya tangi, mkono wa kushoto. Mafuta ya juu yakiisha injini inakohoa, unashusha mkono, unageuza robine, na rezerve inafunguka: lita tatu za mwisho. Hamidou alikuwa na sheria yake. Ya juu ni ya kwenda, rezerve ni ya kukimbia. Hakuigusa mpaka aone bunduki.

Jioni moja Soudi, kijana wa miaka ishirini, aliichukua pikipiki ile bila ruhusa akamzungushe msichana. Alizunguka naye mpaka injini ikakohoa. Akageuza robine, akazidi kuzunguka, raha imemjaa. Aliirudisha usiku kimya kimya, rezerve imebaki harufu tu. Na robine hakuirudisha. Aliisahau. Msichana mwenyewe ni Mounira, ndiye aliyekuja kumzaa Ramla.

Asubuhi Hamidou alinunua lita tatu kwa Asumani, mzee aliyeuza mafuta ya chupa pale kivukoni. Tatu za kwenda; za kurudi angenunua huko, na zile tatu za chini aliamini bado zipo za kukimbilia. Kilomita ya thelathini na saba, watu wenye bunduki wakatokea mbele yake. Akageuza pikipiki, akanyonga. Injini ikazima. Akashusha mkono kwenye robine, akaikuta imeshageuzwa.

Walimleta kwa machela. Waliomwokota walisema mkono wa kushoto ulikuwa bado umeing'ang'ania robine ile, na iliwabidi wafungue kidole kimoja kimoja.

Mji ulitaka mtu wa kulaumu. Wakasema Asumani aliuza maji. Kufika adhuhuri wakasema zaidi: Asumani ni mulozi, mchawi, ameyafunga mafuta njiani. Zawadi, na uchungu wake wote, ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Soudi alisimama pale. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Mzee wa watu akatupwa kwenye mtumbwi, kichwa kinavuja, na mwezi haukuisha zikaja habari kutoka Lokandu, kule mto unakoshukia, kwamba amekufa.

Sasa unaelewa kwa nini hakucheka tena.

"Usiende," alimwambia Ramla. "Tuma mwingine."

"Mwingine nani? Kalima iko muzazi anapoteza damu, papa. Wakanitumia ujumbe mara tatu. Tangi iko imejaa, umeipima wewe mwenyewe!"

Angeweza kumweleza. Lakini Zawadi alikuwa amekaa mlangoni pake, hatua kumi tu, anachambua mchele. Soudi akachukua kaske ya mteja.

"Tunaenda wote," alisema.

Waliondoka saa nane, jua kali, sanduku la damu limefungwa kwa mikanda mbele ya Ramla, baba yake nyuma. Barabara ilikuwa na watu: wasukuma baiskeli wenye mawese, wanawake na mihogo, vijana wa Kalima na vifuko vyao vya madini. Soudi hakuwaona. Alikuwa anachungulia juu ya bega la binti yake.

30.

"Polepole," alimsihi sikioni. "Usinyonge sana."

"Hii namba inadanganya, papa. Wacha kuiangalia."

22. Watu wakapungua. Msitu ukasogea karibu na njia.

15. Soudi akanyoosha mkono ubavuni mwa Ramla, akaligonga tangi, akasikia mafuta yanacheza ndani, mengi, mazito, ya kutosha kwenda na kurudi. Alitaka hilo limtulize. Halikumtuliza hata kidogo.

9. Hakuna baiskeli tena. Hakuna mtoto wala kuku.

4. Ramla naye sasa alikuwa anaitazama.

"Papa," alinong'ona, "kuko nini hapa mbele?"

Soudi alikuwa ameutambua mwinuko ule, na ile kona, na jiwe jeusi upande wa kulia. Miaka zaidi ya ishirini hakukanyaga hapo.

1.

0.

Injini ikazima.

Haikukohoa. Ilikatika tu. Pikipiki ikateleza hatua chache, ikasimama katikati ya njia. Ramla akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Akafungua kifuniko cha tangi, na mafuta yalikuwa pale pale, yamejaa, yanang'aa kwa jua. Akafunga.

Ndege walikuwa wamenyamaza.

Kisha nyuma ya pikipiki ikashuka.

Aliyepakia watu anajua namna ile. Resori, ile springi ya nyuma, inalia kidogo, kiti kinazama, mtu amepanda. Soudi alikuwa abiria wa mwisho. Nyuma yake palibaki chuma cha kufungia mizigo, na hapo hapakuwa na mzigo.

"Papa, usisogee," Ramla alinong'ona. "Utatuangusha."

"Sijasogea."

Magoti mawili yakamgusa kwa nje ya mapaja. Baridi. Aliyaona mapaja yake mwenyewe, suruali imebonyea pande zote mbili, na hakukuwa na kitu kinachoibonyeza. Harufu ya mafuta ikamjaa puani, ile harufu ya zamani ya mafuta ya chupa. Kitu kilikuwa kinahema kwenye kisogo chake. Kilihema kama mtu aliyekimbia sana.

Soudi akawaza: atamchukua mtoto. Nilimchukulia uhai wake, na yeye atanichukulia mtoto. Aliogopa mpaka mkojo ukamtoka, na hakuona haya.

"Yaya," alisema hatimaye, kama alivyozoea kumwita kaka yake. "Yaya Hamidou. Njo mimi. Mimi njo nilichukua pikipiki usiku ule. Nilimaliza rezerve. Robine niligeuza mimi, sikuirudisha. Nisamehe. Mutoto hana kosa. Yaya, huyu mutoto hana kosa!"

Ramla aligeuka nusu, macho yamemtoka. Alisikia kila neno.

Pumzi ilisimama kwenye kisogo. Halafu mkono wa kushoto wa Ramla ukaachia usukani. Ukashuka wenyewe, polepole, ukapita ubavuni mwa tangi mpaka chini. Vidole vikashika kitu. Vikageuza.

Ka.

Injini ikawaka.

Walikimbia. Walikimbia mpaka Kalima, na kwenye kioo sasa kulikuwa na namba za kawaida. Damu ilifika. Mzazi akapona, na mtoto wake pia. Nje ya hospitali Ramla aliinama ubavuni mwa pikipiki, akapapasa kwa kiganja mara tatu.

"Papa, iko wapi ile kitu niligeuza?"

Haipo. Pikipiki ile mafuta yake husukumwa na pampu ya umeme. Haijawahi kuwa na robine.

Kwa wiki mbili Soudi alitembea mwepesi. Aliswali, alilala, hata kucheka kulirudi. Amekiri, kaka amemsamehe, basi yameisha. Ramla alimhimiza amwambie na Zawadi. Kesho, alisema. Halafu kesho nyingine.

Ikaja siku Ramla alirudi kutoka safari ya Kalima, akakaa kwenye benchi la gereji bila kuvua kaske.

"Papa, ile pikipiki nikiwa peke yangu inakunywa lita ngapi kwa kilomita mia?"

"Kwa njia ile? Sita."

"Na muntu mumoja nyuma?"

"Saba."

"Na wawili?"

"Nane. Mbona unauliza vitu unavijua?"

"Nilienda peke yangu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Imekunywa nane. Na juzi nane. Tangu siku ile, kila safari, nane."

Soudi alisafisha pampu. Alibadilisha kichujio cha hewa, akakagua tairi na breki, akafunga resori mpya kabisa. Alijaza tangi mwenyewe, akamtuma Ramla aende na kurudi, akajaza tena akihesabu. Nane. Si saba. Akabaki ameshika bidoni mkononi, amesimama tu, kwa sababu hesabu ile hata mtoto angeimaliza. Kule kilomita ya thelathini na saba alimwomba radhi mtu mmoja, na waliokufa kwa kosa lake ni wawili.

"Uliita baba mukubwa Hamidou," Ramla alisema. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku la damu, anavaa glavu. "Huyo nimemuzoea. Kwenye mutelemuko ananishika kiuno, hanifanyi kitu. Lakini kuko mwingine nyuma yake. Huyo analia, papa. Njia yote analia. Ni nani?"

Zawadi alikuwa pale mlangoni pake, na ungo wake mapajani. Aliinua kichwa, akawatazama. Miaka yote hii anaamini jiwe lile lilimpata mwenye hatia.

Soudi akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Ni resori, mwanangu," alisema. "Nitaiangalia ukirudi."

Ramla alimtazama baba yake, akaitoa pikipiki kwenye stendi, akaishika usukani, amesimama kando yake, mguu hajainua bado.

Nyuma ya pikipiki ikashuka. Kisha ikashuka tena.