Kadi ya Pili

Kompyuta ilisema ina kadi mbili za picha.

Mudathiri alikuwa ameifungua mwenyewe asubuhi ile. Ameipuliza vumbi, ametoa kadi kuukuu, amechomeka mpya na kukaza skrubu kwa mkono wake. Kadi moja tu. Akaandika amri tena kwenye lile dirisha jeusi, na mistari ikaja miwili vilevile. Wa kwanza ulitaja kadi aliyoinunua Kariakoo, jina na namba zake zote. Wa pili haukuwa na jina la kampuni wala namba. Ulisema tu kwamba kuna kifaa, na kinasubiri draiva, ile programu ya kukiendesha.

"Kinasubiri? Basi na kisubiri," Mudathiri akasema, akacheka peke yake dukani saa saba mchana.

Watu wa Kibiti wanamjua huyu bwana. Duka lake liko kando ya barabara ya Kilwa, na bango la bibi harusi pale nje ni kubwa kuliko mlango. Anapiga video za harusi, za maulidi, za kuwaaga wanafunzi. Ni fundi, hilo simnyimi. Lakini ana kiburi, na ana jicho lisilojua kufumba hata pale mtu mwenye haya angefumba.

Mwaka jana aliitwa Kiongoroni, kule visiwani ndani ya delta. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Hafsa, mke wa mtu, anasumbuliwa na jini, na ndugu zake wakamwekea ngoma ili jini apande, aseme haja yake, watu wapate kulala. Kwetu mtu anayepandwa huitwa kiti. Jini hukaa juu yake na kusema kwa mdomo wake. Mudathiri aliruhusiwa kupiga picha wapishi, wageni na wachezaji. Ila Fundi Mwanabibi, mganga mwenye ngoma, alimwapisha mbele ya chetezo kinachofuka ubani: jini akianza kusema, kamera izimwe na ifunikwe kanga, maana yanayosemwa kilingeni hubaki kilingeni. Mudathiri akaapa. Jini alipopanda, akaifunika kamera kanga, watu wote wakamwona. Hakuizima. Na jicho la kamera akaliachia upenyo.

Jini alisema mengi, na moja lilikuwa siri ya ndani ya ndoa ya Hafsa. Sitaitaja hapa, mimi si Mudathiri. Yeye aliirusha mtandaoni, uso wa mwanamke wazi, jina lake wazi, na watu toka Utete mpaka Mbagala wakaitazama wakishika mbavu kwa kicheko. Wiki haikuisha, mume akaandika talaka. Wiki iliyofuata Hafsa aliingia mikokoni maji yakiwa yametoka, na maji yaliporudi yeye hakurudi. Walimpata siku ya pili, kanga yake imenasa kwenye mizizi. Mudathiri hakwenda kuzika, akasema ana kazi nyingi. Video hakuifuta mpaka leo.

Sasa turudi kwenye kadi. Kompyuta yake alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux baada ya virusi kumlia harusi mbili nzima. Mfumo ulikuwa mzuri, hauna maudhi, tatizo lilikuwa picha. Bila draiva ya kadi, kila kitu kilichorwa na prosesa, ubongo wa kompyuta, nayo ikazidiwa. Bibi harusi anatembea kwa kurukaruka, wageni wanakula kama wana kwikwi. Mudathiri alitaka kadi ibebe mzigo wake. Akatafuta draiva inayoifaa, akaandika amri ya kuiweka, mistari ikaanza kuporomoka kiooni.

Pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa Rukaiya na daftari la hesabu. Ana miaka tisa, katoka shule, sare bado iko mwilini. Mudathiri na mkewe Hadija walimngoja mtoto huyu miaka kumi na moja, wakampata huyohuyo mmoja. Mudathiri anaweza kumcheka mtu yeyote Kibiti nzima, lakini Rukaiya akikohoa tu, baba halali.

Kompyuta ikataka neno la siri, kisha ikaeleza kwamba ikiwashwa upya itaomba idhini, kwa sababu haipokei draiva ya mtu baki bila mwenyewe kukubali. Mudathiri anajua mambo hayo. Ikazima, ikawaka, kioo chote kikawa bluu na maandishi meupe. Akabonyeza endelea, akabonyeza ndiyo, akaandika neno la siri. Hakusoma. Na wewe unayenisikiliza ungesoma? Muongo!

"Baba," Rukaiya akasema, "mgeni gani?"

"Mgeni yupi tena?"

"Kioo kimeandika, Mgeni anaomba kuingia, unamkubali? Wewe ukabonyeza ndiyo."

"Kile Kiingereza, mwanangu. Hukukisoma vizuri."

"Kilikuwa Kiswahili, baba."

Mudathiri akamtazama, akatazama kioo. Bluu ilishaondoka.

Akafungua jaribio la kadi, lile la magurudumu matatu yenye meno, jekundu, la kijani na la bluu, yanayozungushana. Yalizunguka laini kabisa, hayarukiruki, na Mudathiri akapiga kofi kwa furaha. Ndipo feni ya kadi ikaanza. Mwanzo ilivuma kawaida. Halafu ikawa inavuma na kupungua, inavuma na kupungua, mara tatu haraka na moja ya kuvuta, na vidole vya Mudathiri vikaanza kuifuata juu ya meza kabla kichwa hakijakumbuka ni mdundo wa wapi. Ilikuwa ngoma ya Kiongoroni.

"Kuna harufu," Rukaiya akasema, akiziba pua.

Harufu ya tope la mikokoni, lile jeusi la maji yakitoka, na juu yake ubani. Mlango ulikuwa wazi, malori yanapita, jua linachoma lami, na harufu ikazidi.

Mudathiri akajikaza kiume. Akafungua harusi ya Jumapili iliyopita, iliyopigwa Ikwiriri, ukumbi mzima anaujua mtu kwa mtu. Picha ilikwenda kama maji. Na kwa kuwa sasa hairuki, kwa kuwa kila kipande kilichokuwa kinamezwa sasa kinaonyeshwa, akamwona mwanamke aliyesimama nyuma ya wapishi, kanga imelowa, uso ameuinamisha, na akasogeza mbele na mwanamke yuko nyuma ya wajomba, na akasogeza tena na mwanamke yuko kati ya maharusi wala hapana anayemtazama, na kila anaposogeza yule naye anasogea, mpaka paji la uso limejaa kioo, mpaka maji yanayodondoka kwenye nywele zake yanasikika ndani ya spika, na Mudathiri akachomoa waya wa kioo, kioo kikabaki kinawaka, akachomoa na wa umeme, kikabaki kinawaka, na uso ukainuka, ukawa wa Hafsa, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Hafsa, ilikuwa ile iliyosema kwa mdomo wake siku ya ngoma.

"Kiti changu ulikiua, Mudathiri. Nimekuja kudai kiti."

Kioo kikazima. Rukaiya alikuwa amejificha chini ya meza, analia bila sauti.

Hadija ni mtu wa delta, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimpigia simu Fundi Mwanabibi jioni ileile, na kesho yake saa nne bibi akashuka kwenye bodaboda, kapanda boti toka alfajiri, mfuko wa chetezo begani na uso umekunjamana kwa hasira.

"Shikamoo, bibi," Mudathiri akasema.

"Sikuitikii."

Akapita hadi kwenye kompyuta. Hakuwasha ubani. Aliweka kiganja juu ya sanduku lile, akakaa nalo kitambo, feni ikivuma mara tatu na moja ya kuvuta.

"Amekaa humu," akasema polepole, kama anaogopa kusikiwa. "Umemfungulia mwenyewe. Kiti cha chuma kinamuunguza, lakini ni kiti. Nisikilize sana. Usikitoe."

"Bibi, nimfukuzie wapi basi? Mpunge atoke, nitakupa chochote utakacho."

"Wewe huna cha kunipa. Jini huyu hanidai mimi. Kesho Ijumaa. Baada ya sala uwe Kiongoroni, upige magoti mlangoni kwa mama yake Hafsa mbele ya watu, useme kwa kinywa chako kwamba uliapa ukavunja kiapo, na video ile uifute mbele yao. Mama akikupa radhi, jini ataondoka na radhi hiyo. Nitakuwepo, nitamwongoza."

"Mbele ya watu?"

"Yeye ulimvua nguo mbele ya nani?"

Mudathiri akainamisha kichwa. Hadija alikuwa amemshika Rukaiya mabega kwa mikono miwili.

"Na asipokwenda, bibi?" Hadija akanong'ona.

"Asipokwenda, jini atakaa humuhumu mpaka mumeo aende. Ila akikivunja kiti hiki, jini atatafuta kingine. Hatatafuta mbali." Fundi Mwanabibi akamtazama mtoto, kisha akaondoa macho upesi. Akaondoka bila hata kunywa chai.

Mtu mwenye akili angelala Nyamisati, bandarini, usiku huohuo asije akaikosa boti. Mudathiri alikaa akaanza kuwaza nyuso. Mama yake Hafsa, sawa. Lakini wavuvi? Wale vijana wa Kiongoroni na simu zao? Wangempiga picha amepiga magoti, wangerusha, na wateja wake wote wangeona. Aibu ikamzidi nguvu. Akajiambia yeye ni fundi, kitu kimeingia kwa draiva, na draiva inatoka.

Ijumaa asubuhi, Hadija akiwa sokoni, akaandika amri ya kuifuta draiva pamoja na mabaki yake yote. Akazima. Akafungua skrubu, akachomoa kadi. Ilikuwa ya moto ingawa umeme ulikuwa umekatwa, na imelowa. Akaipiga nyundo mpaka ikawa vipande, vipande akavitupa chooni. Akarudisha kadi kuukuu, akawasha, akaandika ile amri ya kuorodhesha.

Mstari mmoja. Kadi kuukuu, basi.

Feni kimya. Harufu hakuna. Akafungua harusi ya Ikwiriri, ikaenda kwa kwikwi kama zamani, na Mudathiri akaziona kwikwi zile tamu kuliko kitu chochote. "Alhamdulillahi," akasema. Video ya Hafsa hakuigusa. Kwa nini aifute na mambo yameisha?

Baada ya sala ya Ijumaa duka lilijaa. Ukoo wa bwana harusi wa Ikwiriri walikuja kutazama video yao, kama watu kumi na wawili, mjomba mmoja mtu mzima wa kofia ya kiua amepewa kiti cha mbele. Hadija alikuwa amerudi, anagawa maji. Alidhani mumewe ameshaondoka na boti ya asubuhi, na alipomwona bado yuko dukani, akasimama na jagi mkononi.

"Baba Rukaiya, hujaenda?"

"Nimeshamaliza, mke wangu. Nimeitoa na kuivunjavunja."

Jagi likaanguka. "Rukaiya yuko wapi?"

Alikuwa pale pale kwenye kigoda chake, daftari la hesabu magotini. Akainua mkono. Mkono ukaruka, ukasimama. Ukaruka tena, ukasimama. Kichwa nacho kikageuka kwa vipande vipande, vilevile kama picha isiyo na draiva. Watu wakadhani mtoto anacheza, wawili wakacheka. Halafu mkono ukawa laini. Shingo ikawa laini. Rukaiya akasimama wima, maji yakamchuruzika kwenye nywele yakalowesha kola ya sare, na harufu ya tope ikajaa duka zima.

"Kile cha chuma kilikuwa kinaniunguza," akasema kwa sauti ile ya siku ya ngoma. "Hiki kizuri. Hiki nitakaa."

"Mwanangu!" Mudathiri akapiga magoti, yale magoti aliyowanyima watu wa Kiongoroni. "Toka kwa mtoto! Nitakwenda! Nakwenda sasa hivi, wallahi!"

"Uliapa na mwaka jana. Hodi nilipiga, ukasema ndiyo. Ya Hafsa watu wameshayasikia, uliwasikilizisha mwenyewe. Leo nasema yako."

Simu zikainuka. Moja, tatu, nane, kila mkono una simu, na kila simu imemlenga Rukaiya.

"Zimeni!" Mudathiri akalia. "Zimeni jamani, ni mtoto! Ni mwanangu!"

"Tulia, Mudathiri," mmoja akamwambia, wala hakumtazama. "Tunarekodi kidogo tu."

Hadija akavua kanga yake mabegani, akamfunika mtoto kichwa mpaka miguu, akamkumbatia. Yule mjomba akaona haya. Akawaambia wenzake hili si jambo la kuchezea, akaweka simu yake mezani mbele ya watu wote, akaifunika kwa kofia yake. Mudathiri alitaka kumshukuru. Akaitazama kofia ile vizuri, akaona pembeni yake upenyo, na ndani ya upenyo jicho la kamera linamtazama.

Chini ya kanga, sauti ikaanza kutaja siri za Mudathiri.